Honi Tatu

Honi ya kwanza ilimkuta Milembe akikoroga uji. Ya pili ilimkuta ameshaulaza mwiko juu ya mfuniko. Ya tatu ilipolia alikuwa nje tayari, kashika kitenge kiunoni kwa mkono mmoja, anakimbilia barabarani, na nyuma yake mwanawe Method akipaza sauti kutoka kwenye kigoda: "Mama, viatu!"

Hakurudia viatu. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili mwenye mgongo mbovu hana sababu ya kukimbia kabla ya saa moja asubuhi, lakini lori lililosheheni pamba halimsubiri mtu avae viatu. Lilikuwa limekwama katikati ya mlima wa Mwakidiga, pua juu mkia chini, pamba imeshindiliwa mpaka imepita mbao za ubavuni, moshi mweupe ukifuka mbele. Dereva alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote na mguu hawezi kuutoa. Akiutoa tu, lori linarudi kinyumenyume. Na huko chini ndiko watoto wanakovukia kwenda shule.

Pembeni ya lami, chini ya mgunga, palikuwa na lundo la mawe. Milembe akanyanyua moja lenye ukubwa wa kichwa cha ndama, akalibeba kwa tumbo, akalisukumia nyuma ya tairi la kushoto. Akarudi, akachukua la pili, akaliweka kulia. Kisha akaligonga lori ubavuni kwa kiganja, mara mbili.

"Achia!"

Lori likaguna, likakalia mawe, likatulia. Milembe akainama na kushika magoti, anahema.

Dereva akashuka na dumu la maji. Aliitwa Kasmiri, mtu wa makamo, shati limelowa jasho ingawa jua lilikuwa halijapanda. Hakuwa Msukuma, ila misimu mitatu ya kupita njia hii ilikuwa imemfundisha maneno mawili matatu ya Kisukuma, ya kusalimia na kushukuru.

"Shikamoo mama. Mwangaluka."

"Mwangaluka, ngosha. Mhola?"

"Mhola. Tena umeniokoa. Wabeja." Akafungua mbele ya lori na kusubiri mvuke upungue ndipo aijaze rejeta maji.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Zamani kila lori lilikuwa na dereva na utingo, na kazi ya utingo mlimani ilikuwa kuruka na jiwe. Kisha wenye malori wakapiga hesabu zao, wakaona utingo ni gharama, wakawatoa. Hendibreki zilikuwa zimeshakufa kitambo. Mlima haukupungua hata futi moja, wala injini za zamani hazikuacha kuchemka. Basi dereva akikwama peke yake, mguu kwenye breki, kilichobaki ni honi. Anapiga tatu, anasubiri.

Na watu wakaja. Hilo ndilo kosa lao, kama kweli ni kosa. Usukumani mtu akipiga mwano, ile sauti ya kuomba msaada, wizi wa ng'ombe au moto au fisi, hakuna anayebaki kitako. Aliye na mkuki anakuja na mkuki, asiye nao anakuja na miguu yake. Asiyekuja anaulizwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, na hata wasipomuuliza, atapata wapi uso wa kuwatazama majirani? Honi tatu mlimani watu walizisikia vivyo hivyo. Mtu kakwama, anaita. Nyumba ya Milembe ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, basi Milembe ndiye aliyekuwa anafika kwanza, na baada ya muda akawa anafika peke yake.

Madereva nao, shida ikiisha, walikuwa wanaondoka. Mawe wanayaacha pale pale, katikati ya lami.

Moja ya mawe hayo ndilo alilolikuta Method alfajiri moja, miaka miwili iliyopita, akishuka na pikipiki na madumu mawili ya maziwa. Hospitalini walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Wiki iliyofuata trafiki alileta karatasi. Method aliisoma mwenyewe, kitandani, kwa sauti, ili mama yake asikie: Chanzo cha ajali, uzembe wa mwendesha pikipiki. Jiwe halikuandikwa. Lori halikuandikwa. Milembe aliomba asomewe tena, akidhani kuna mstari umerukwa.

Tangu siku hiyo hakuna jiwe lililolala barabarani Mwakidiga. Lori likiondoka tu, Milembe anayatoa mawe na kuyarudisha chini ya mgunga. Method naye, ambaye siku hizi kazi yake ni kukaa kwenye kigoda na kutazama barabara, alikuwa anachukua kopo la rangi nyeupe na kuandika juu ya jiwe namba ya lori lililolitumia, zile tarakimu tatu tu kwa sababu rangi ilikuwa ndogo. Lori jingine likilitumia jiwe hilo hilo, anaongeza namba chini yake. Kuna jiwe lilikuwa na namba tisa. Watu wakimuuliza za nini, anajibu: "Nazihifadhi."

"Leo si ndiyo siku yako, mama," Kasmiri alisema huku akimimina maji. "Umeshachagua gauni?"

"Gauni la nini?"

"Mtendaji hajakwambia? Saa nane, pale ghalani. Meneja wa usafirishaji wa kampuni yetu anakuja kukupa koti, yale ya njano yanayong'aa. Na picha utapigwa."

"Lukresia aliniambia kuna mkutano wa pamba. Koti silijui."

Kasmiri akacheka. Alikuwa anafurahi kwa ajili yake, na hilo ndilo lililofanya maneno yake yaume zaidi. "Wewe ni maarufu, bi mkubwa, hujui tu. Kwenye karatasi zetu za safari siku hizi umeandikwa kabisa. Mwakidiga, kituo cha mawe. Juzi fundi kamwambia tajiri gari hili halina hendibreki, lifungwe mpya kabla ya msimu kuisha. Tajiri kasema za nini, mlimani si kuna mama?"

Milembe akajinyoosha, akamgeukia.

"Rudia, ngosha."

"Kwamba za nini, mlimani kuna..." Kasmiri akauona uso wake, akaacha.

"Kwa hiyo breki ni mimi."

"Sikusema hivyo, mama."

"Mimi nadhani nawasaidia watu waliokwama. Kumbe mnakwama kwa sababu mimi nipo."

Wakati huo Jenifer, binti wa Method, darasa la pili, alikuwa ameshatoka nyumbani. Alikuwa anashuka pembeni ya barabara na dumu la lita tano, maji ya kwenda nayo shule, kila mwanafunzi na dumu lake. Alimpungia bibi yake mkono. Milembe naye akainua mkono kumjibu, na ndipo akasikia mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa.

Jiwe la kushoto lilikuwa limepasuka.

Lori lilianza taratibu, kama linajinyoosha. La kulia likasukumwa, likaviringika. Kasmiri alitupa dumu, akadandia mlango, akajirusha ndani. Milembe aliliona tairi likikata kuelekea pembeni, kule kule anakopita mtoto, akaanza kukimbia. Jenifer aligeuka. Akalitupa dumu, akaruka mtaro, akaanguka kwenye mabua ya mtama. Tairi la nyuma likapita pale alipokuwa amesimama, likaingia mtaroni, na lori lote likalala upande kidogo na kusimama. Vumbi na nyuzi za pamba zikapanda juu pamoja.

Milembe hakumbuki alivyofika. Alimkamata mtoto, akampapasa kichwa, mikono, magoti, vidole kimoja kimoja. Alipohakikisha ni mzima, akamchapa kofi la mgongo, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akaanza kulia.

"Bibi, dumu langu," Jenifer alisema.

Dumu lilikuwa chini ya tairi, bapa kama chapati. Maji yake yalikuwa yanakimbia kwenye lami.

Kasmiri alitoka kwenye lori akaketi chini, mikono imeshika kichwa.

Afande Constantine wa trafiki, yule yule aliyeleta karatasi ya Method, alifika saa tatu kwa pikipiki, sare imenyooka. Alilizunguka lori. Alitazama stika ya ukaguzi kwenye kioo, mpya, haina hata vumbi juu yake. Alimuuliza Kasmiri maswali mawili ya haraka. Kisha akafunga daftari.

"Hakuna aliyegongwa," alisema. "Wataleta trekta, wavute, waendelee."

"Afande, hujaandika," Milembe alisema.

"Niandike nini, mama? Ajali lazima iwe na majeruhi au uharibifu wa mali."

Milembe akalivuta dumu kutoka chini ya tairi, likakwama, akalivuta tena, akamnyooshea. "Hii ni mali."

"Niandike dumu?"

"Andika lilikuwa mkononi mwa nani."

Afande akatabasamu kama mtu anayeongea na mlevi. Kisha akachutama kulitazama jiwe lililopasuka, akalibonyeza kwa kidole. "Hili lilikuwa limechoka. Siku nyingine uchague mawe magumu, mama. Yale meusi ya mtoni."

Lukresia, mtendaji wa kijiji, alikuwa ameshafika naye, anahema, kofia ya jua kichwani na simu mkononi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa, na mtu aliyebanwa humbana aliye chini yake. Alimvuta Milembe pembeni.

"Mayu, pole sana. Mungu mkubwa. Lakini saa nane usikose. Kampuni imeahidi mifuko ishirini ya saruji kwa choo cha shule. Vaa vizuri, pokea koti, sema asante, basi. Maneno mawili."

"Mimi mawe siweki tena."

Afande Constantine alilisikia hilo. Akaja, na safari hii hakuwa anatabasamu.

"Sikiliza vizuri. Mawe yasipokuwepo, lori likarudi chini na kuua watoto, tutamuuliza nani? Dereva ataapa alipiga honi tatu. Kijiji kizima kitaapa kwamba siku zote unaitika. Halafu siku hiyo hukuitika. Damu itakuwa ya nani?"

Akawasha pikipiki akaondoka.

Maneno hayo yalimkaa Milembe kifuani asubuhi nzima. Alipika upya ule uji ulioungua. Alimpeleka Jenifer shule mwenyewe, akamshika mkono kama mtoto wa chekechea, na mtoto akaona aibu. Aliporudi aliketi mlangoni, mkabala na Method, akalitazama lundo chini ya mgunga. Akiendelea kuweka mawe, hawatafunga breki mpaka siku jiwe jingine lipasuke. Akiacha, wataua, nao watasema kaua Milembe. Hasira ilimpanda. Watu wenye malori, wenye mafundi, wenye afisi na kalamu, mzigo wao wote wameutua juu ya mgongo wake mbovu, na sasa wanataka aseme asante.

"Mama," Method alisema, "malori yanapakia wapi?"

"Si ghalani."

"Ghala liko bondeni au mlimani?"

"Bondeni. Unaniuliza nini, mtoto huyu?"

"Jiwe likiwekwa huku mlimani linalisaidia lori lipite. Likiwekwa kule bondeni kabla halijapanda, linalisaidia lisipite." Akajikuna kisiki cha mguu, kama anavyofanya akiwaza. "Jiwe ni lile lile."

Milembe akainuka, akajifunga kitenge upya, akaenda kwa Mwandu.

Mwandu alikuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji na mwenye mkokoteni wa ng'ombe wawili. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alimsikiliza Milembe akiwa amesimama zizini na ndoo ya pumba mkononi, akauliza swali moja.

"Mwano utaupiga mwenyewe?"

"Mwenyewe, bhabha."

"Mpiga mwano sharti asimame mbele ya watu aseme kilichompata. Asiposema, anaaibika."

"Nitasema."

Mwandu akaiweka ndoo chini, akaenda kufunga ng'ombe nira.

Walipakia mawe arobaini na moja, ukiondoa lile lililopasuka, ambalo Milembe alilibeba vipande vyake kwenye beseni, dumu bapa la Jenifer amelichomeka kiunoni kwenye kitenge. Method alipandishwa mbele na magongo yake. Mkokoteni ulishuka mlima polepole, magurudumu yakilia, na kila gari lililowapita lilipunguza mwendo watu wapate kushangaa.

Uwanja wa ghala la chama cha msingi cha wakulima ulikuwa umependeza. Turubai, viti vya plastiki, spika inapiga muziki, maji ya chupa mezani. Kando ya ukuta wa ghala palikuwa na malori matano kwenye mstari. Mawili yalikuwa yamejaa, juu ya la tatu wapakiaji walikuwa wanakanyaga pamba kwa miguu, wameloa jasho, pamba imewafika kiunoni. La mwisho lilikuwa la Kasmiri. Trekta ilikuwa imelivuta likarudishwa kupakiwa upya pamba iliyomwagika, na tope la mtaroni lilikuwa bado kwenye tairi.

Meneja Januarius alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti nzuri. Alizungumzia ushirikiano. Alizungumzia usalama, kwamba usalama huanza na mimi na wewe. Alimtaja Milembe kuwa mdau muhimu. Akakunjua koti la njano lenye mistari inayong'aa, akamwita mbele, na watu wakapiga makofi. Lukresia alikuwa amenyanyua simu kupiga picha.

Milembe akalipokea koti. Akaligeuza mbele na nyuma, akapapasa kola, kama anayenunua gulioni.

"Vaa mama, tuone!" mtu akasema.

Meneja akamsogezea kipaza sauti. "Maneno mawili tu, mama yetu."

Milembe hakukigusa kipaza sauti. Alipeleka kiganja mdomoni, akakichezesha, na sauti ikatoka, nyembamba, kali, ikapanda na kushuka. Ni sauti ambayo kila mtu mahali pale aliijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Muziki ukazimwa. Wapakiaji wakaganda juu ya pamba. Wanawake waliokuwa kisimani wakatua ndoo. Kutoka mashambani, kutoka dukani, kutoka shuleni, watu wakaanza kuja mbio, wengine na fimbo, mmoja na panga, mwalimu wa zamu na chaki vidoleni. Mwandu akaweka filimbi mdomoni, akaipuliza mara moja kuthibitisha.

"Kuna nini? Kuna nini hapa?" Januarius aliuliza. Hakuna aliyemjibu. Kwa mujibu wa mwano, mwenye neno ni mmoja tu.

"Mmekuja," Milembe alisema. "Wabeja. Mimi nami nimekuwa nakuja misimu mitatu. Nikisikia honi tatu nakuja, bila viatu, uji unaungua. Nilidhani ni mwano. Mpiga mwano husimama akasema kilichompata. Hawa hawajasimama hata siku moja. Leo asubuhi jiwe lilipasuka, mjukuu wangu akaruka kwenye mtama. Hili hapa dumu lake."

Akalichomoa kiunoni, akalinyanyua. Kina mama wakaguna.

"Afande amenishauri nitafute mawe magumu." Watu wakageuka kumtazama Constantine aliyekuwa ameketi kiti cha mbele na chupa ya maji. "Wenye malori wameambiwa wafunge breki, wakasema za nini, mlimani kuna mama. Sasa mama kashuka. Mawe yao nimeyaleta."

Mwandu akawatazama vijana wake wa sungusungu. Hawakuhitaji kuambiwa. Jiwe moja mbele ya tairi, moja nyuma, wakafuata namba alizoandika Method, lori kwa lori, na yaliyozidi wakayarundika langoni. Januarius akawa anakimbia huku na huku na koti lake la suti.

"Mama Milembe, haya mambo yana utaratibu! Unaharibu shughuli. Kuna saruji ya shule hapa!"

"Choo bila watoto ni cha nani?" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mimi sitaki kuzuia pamba ya mtu," Milembe alisema. "Yangu mwenyewe imo humo ghalani. Nataka jambo dogo. Pale langoni pana mwinuko. Kila dereva apande pale, avute hendibreki, ashuke asimame nyuma ya lori lake. Likitulia, tunamtolea mawe na kumpigia makofi. Na meneja asimame naye."

Madereva wanne walitazama viatu vyao. Mmoja akawasha sigara ikazimika.

Wa tano alikuwa Kasmiri. Alitoka kwenye kivuli cha lori lake, akatembea mpaka lilipo jiwe, akalisoma.

"Mia nne kumi na saba. Hili ni langu," alisema. "Halina hendibreki. Msimu wa tatu huu."

"Kasmiri," Januarius alisema kwa sauti ya chini, "fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria tangu asubuhi, bosi. Nilimwona yule mtoto kwenye kioo. Wewe hukumwona." Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya jiwe, akaenda kuketi kwenye ngazi za ghala.

Juu ya lori la tatu wapakiaji walitazamana. Kisha mmoja akateleza chini, na mwingine, na wote sita wakashuka, wakajipukuta pamba, wakaketi karibu na Kasmiri. Hawakutangaza kitu. Waliketi tu.

Milembe akamwendea meneja na koti la njano limekunjwa vizuri.

"Hili kwangu kubwa," alisema. "Livisheni lori."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimchoma afande Constantine kuliko mwano. Akainuka, akavaa kofia, akanyoosha mkono kwenye mawe.

"Haya yaondolewe! Sasa hivi!"

Hakuna aliyesogea. Akamtazama Mwandu, Mwandu alikuwa anawapa ng'ombe wake pumba. Akawatazama madereva. Anayenyanyua jiwe lenye namba ya lori lake amekiri kwamba ni lake, na hata aliyekuwa mjinga kuliko wote pale alikuwa ameshalielewa hilo. Afande akainama mwenyewe, akalishika jiwe la mia nne kumi na saba kwa mikono miwili, likainuka kidogo, likamshinda, likarudi chini. Hakujua kwamba mwanamke yule hulibeba mara tano kwa siku.

Akajinyoosha, uso umewiva, akatoa daftari. Lilikuwa lile lile la asubuhi, jalada la kijani.

"Jina lako kamili."

"Milembe Masele."

"Unashitakiwa kwa kuzuia magari. Unaelewa?"

"Naelewa. Andika." Alimsogelea mpaka akaweza kuiona kalamu. Mgongo ulikuwa unamuuma, lakini hakutafuta pa kuketi. "Ila kwenye chanzo, afande, safari hii usikosee. Mwaka juzi uliandika mwendesha pikipiki. Huyu hapa mwendesha pikipiki, mwenyewe. Atakusomea namba za malori."

Method alikuwa ameshashuka kwenye mkokoteni. Alikuja kwa magongo yake mawili katikati ya watu, nao wakampisha njia, mpaka kwenye lori la kwanza. Akainama, akafuta vumbi juu ya jiwe kwa kiganja. Akasoma kwa sauti ya kusikika, taratibu, kama mwalimu anayetoa imla.

"Mia mbili themanini na tatu."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haijagusa. Kijiji kizima kilikuwa kinaitazama. Jenifer naye alikuwa amefika kutoka shule, kapenya katikati ya miguu ya watu wazima, kashika kitenge cha bibi yake.

Method akasubiri. Hakwenda kwenye jiwe la pili.

"Mia mbili themanini na tatu," akarudia. "Umeandika, afande?"